Gololi 71 za Kemondo

Ndugu msikilizaji, miezi miwili iliyopita nilipokea barua kutoka Kemondo, kule Bukoba Vijijini. Mwandishi wake, ambaye ameomba nisimtaje jina, anaanza kwa shikamoo ndefu, kisha anaingia kwenye jambo lake bila kuzunguka. Marehemu kaka yake aliacha kopo la Kimbo limejaa gololi. Sasa ametokea kijana anayepita nyumba kwa nyumba, anasema gololi za zamani zina soko kubwa Marekani, naye yuko tayari kutoa shilingi 20,000 kwa kopo zima. Familia imegawanyika. Vijana wanasema ziuzwe. Mama yao hataki hata kulisikia neno hilo. Barua inamalizia kwa maswali mawili: "Mzee, ni kweli gololi hizi ni mali? Na kama si mali, ni kitu gani?"

Nakiri kwamba mwanzoni niliicheka barua hiyo. Hapa tumezoea kuzungumza juu ya watawala, mikataba na vita. Vitu vya kuchezea watoto hatujavigusa hata siku moja. Lakini lile swali la pili lilinikera usingizini. Kwa hakika ndilo swali ambalo mwanahistoria hulipwa mshahara ili alijibu: umekishika kitu mkononi, ni kitu gani, kimetoka wapi, kimefikaje hapa? Basi nilipopata safari ya Bukoba nikateremka Kemondo.

Msikilizaji asiyeijua Kemondo afikirie ghuba yenye maji ya kina, mwendo wa kilomita 20 hivi kusini mwa mji wa Bukoba, na gati ambalo kwa miaka mingi limepokea meli za kutoka Mwanza. Migomba inashuka karibu na ziwa. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa kahawa ya kutafuna na ndizi zilizopikwa kwa maharage, na baada ya hapo mama mwenye nyumba akaenda chumbani mwenyewe. Hakumtuma mtu. Akarudi na kopo, akazimimina gololi kwenye ungo, tukaanza kuhesabu.

Zilikuwa 71. Za chuma 14. Za kioo kitupu kisicho na rangi, chenye ukijani kidogo kama chupa ya soda, 6. Zile zenye ua ndani, ambazo wakusanyaji wa nchi nyingine huziita jicho la paka, 43. Nyeupe kama maziwa zenye mistari ya rangi, 5. Zilizobaki tatu hazikuwa na kabila: nusu ya gololi iliyopasuka, kijipira cha plastiki kilichotoka kwenye chupa ya manukato ya kujipaka kwapani, na komwe moja, ile mbegu ya bao ya watu wa pwani, ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyejua ilifikaje Kagera.

Nianze na zile za chuma, maana mdogo wa marehemu alikuwa na hakika kwamba ndizo za kwanza. Anakumbuka kaka yake akizipata kwa mafundi wa magari ya kahawa. Beringi ya gurudumu ikichakaa, fundi huitupa. Mtoto huipasua kwa jiwe, na ndani yake mna gololi za chuma zilizo ng'avu na za mviringo kamili. Za baiskeli hazifai, ni ndogo mno, zinapotea kwenye vumbi. Za lori ndizo zinazotakiwa. Mtoto mwenye gololi ya chuma aliogopwa uwanjani, kwa kuwa ikigonga ya kioo huweza kuipasua. Bila shaka ile nusu iliyomo koponi ilipata ajali ya namna hiyo.

Hapa ndugu msikilizaji nataka tulitazame neno lenyewe. Sisi Watanzania tunaita gololi kile kipira cha kioo anachochezea mtoto, na pia kile kipira cha chuma ndani ya beringi. Wenzetu wa Bara Hindi kipira cha mtoto hukiita goli, na sikio langu linaniambia kwamba maneno haya mawili ni ndugu, ingawa nawaachia wataalamu wa lugha kazi ya kupima undugu huo. Ninalotaka kusema ni jambo jingine. Neno letu moja linaunganisha vitu viwili ambavyo Waingereza na Wamarekani huviita kwa majina mbalimbali kabisa, na historia inaonyesha kuwa neno letu ndilo lenye haki.

Sikiliza mambo yalivyokuwa. Hadi mwisho wa karne ya 19 gololi nzuri za kioo zilitoka Ujerumani, hasa katika mji mdogo wa Lauscha. Mafundi wa pale, tangu miaka ya 1840, walikuwa na mkasi maalumu wenye kikombe mwishoni. Fundi alivuta fimbo ndefu ya kioo cha moto yenye nyuzi za rangi ndani, akaikata kwa mkasi huo kipande kimoja kimoja na kukiviringisha. Kila gololi ilipita mkononi mwa mtu. Kwa hiyo kila moja ilibaki na kovu mahali ilipokatwa, na mpaka leo kovu hilo ndilo kitu cha kwanza mkusanyaji anachokitafuta ili ajue kama gololi ni ya mkono au ya mashine.

Kisha akatokea Martin Frederick Christensen, mtu wa asili ya Denmark aliyehamia Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani. Huyu hakuanza na kioo. Alianza na chuma. Wakati ule baiskeli zilikuwa zimeenea, na viwanda vilihitaji vipira vya chuma vya beringi kwa wingi. Christensen akabuni mashine ya kuviviringisha. Baada ya hapo akajiuliza: kama mashine inaweza kukifanya chuma kiwe mviringo, kwa nini isikifanye kioo? Akatengeneza mashine nyingine, na mwaka 1905 akapewa hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Yaani, msikilizaji, gololi ya kioo ya kisasa ni mtoto wa gololi ya beringi. Zimezaliwa kwa fundi mmoja.

Mashine hizo zinafanya kazi kwa namna rahisi kuelezwa, ingawa ilikuwa vigumu kuibuni. Mchanga, magadi na chokaa, pamoja na vipande vya chupa zilizovunjika, huyeyushwa tanurini mpaka vinakuwa uji mzito kama asali. Uji huo hukatwa matone, na kila tone huangukia juu ya roli mbili zinazozunguka, zenye mifereji iliyojipinda kama nyuzi za parafujo. Tone linaviringika huku likisukumwa mbele na kupoa, na likifika mwisho wa roli limekwisha kuwa gololi. Hapo mwanzo mtu alichota kioo kwa fimbo ya chuma na kukidondosha juu ya mashine. Katika miaka ya 1920 kazi hiyo nayo ikachukuliwa na mashine. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata biashara ya Wajerumani, Wamarekani wakabaki na soko lote. Kiwanda cha Christensen chenyewe kilifungwa mwaka 1917 kwa kukosa gesi ya matanuri wakati wa vita. Nafasi yake ilichukuliwa na wengine, hasa Akro Agate, kampuni iliyokuwa imehamia West Virginia kwenye gesi na mchanga mwingi.

Na lile ua la ndani? Watoto wa nchi nzima wamejiuliza swali hilo: wamelipitishaje? Wengine tulivunja gololi ili tuone. Jibu ni kwamba kioo cha rangi huchomekwa ndani ya kioo cheupe wakati vyote viwili bado ni uji, kabla ya tone kukatwa. Waliofanikiwa kwanza kuuza gololi za namna hii kwa wingi ni Wajapani, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 gololi zao za bei nafuu ziliingia Marekani kwa mafuriko, viwanda vya West Virginia vikatikisika, na vilivyosalia vikalazimika kuiga. Baadaye kazi kubwa ikahamia Mexico, ambako kiwanda cha Vacor cha Guadalajara kimekuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote, na China na India nazo zikaingia sokoni. Zile 43 za Kemondo, kwa ukijani wa kioo chake na kwa wingi wa mapezi ya ua lake, kwa macho yangu ni za Asia. Hakuna hata moja ambayo ningethubutu kuiita ya Kimarekani.

Zile 6 zisizo na rangi zina kisa chao. Viwanda vingi hutumia gololi kwa kazi isiyohusu watoto hata kidogo. Ukilitikisa kopo la rangi ya kupulizia utasikia kitu kinagongagonga ndani. Hicho ni kipira cha kuchanganyia rangi, cha chuma au cha kioo. Kopo likiisha, mtoto mjanja hulitoboa, jambo ambalo simshauri mtoto yeyote alifanye, maana makopo hayo yanaweza kulipuka. Wakusanyaji wa nje huzidharau gololi hizi tupu. Mimi naziheshimu, kwa sababu zinaonyesha mtoto wa Kemondo alivyopekua kila kitu kilichopita bandarini mwake, lori, kopo la rangi hata chupa ya manukato, akitafuta umbo moja tu.

Sasa kwa nini chuma kilitangulia kioo? Kaka huyu alizaliwa mwaka 1970. Umri wake wa kucheza gololi ulianza kama mwaka 1977 hivi. Tukumbuke miaka hiyo ilivyokuwa. Mapema mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia upande wa kaskazini wa mkoa wa Kagera, na vita ikafuata mpaka 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu. Maduka ya mashirika ya biashara ya mikoa yalikuwa na foleni za sabuni, sukari na khanga. Ni ofisa gani angesaini kuagiza gololi za watoto? Kilichobaki ni vyuma vya magari yaliyokufa, na kwa kweli magari yaliyokufa hayakuadimika.

Kisha bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana, na Mzee Mwinyi aliposhika madaraka mwishoni mwa 1985 milango ikazidi kufunguka. Ndipo zile zenye ua zilipojaa. Mdogo wake anakumbuka za kwanza zikiuzwa kwa kuhesabiwa moja moja, kama peremende. Watu wa Kagera wanajua sana kuuhesabu wakati kwa bidhaa. Hata UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, wengi waliuita Juliana kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda.

Lakini niwe mwaminifu. Gololi za koponi hazina tabaka. Zimemiminwa na kurudishwa mara elfu, kwa hiyo siwezi kusema ya chini ndiyo ya kale. Ninaamini kwamba chuma kilitangulia kwa sababu mdogo mtu alikuwapo na anakumbuka, na kwa sababu hali ya nchi inakubaliana naye. Hapo ndipo mwanzo wa kopo.

Mwisho wake hauhitaji kukisiwa. Yule kijana alipokua akawa mfanyabiashara wa ndizi, akizipakia Kemondo na kuziuza Mwanza. Mama yake anasema kila aliporudi alikuwa na gololi mbili tatu mfukoni. Alisema ni za watoto. Watoto hawakuziona, zilikwenda koponi. Mtu mzima, mwenye mke, anakusanya gololi! Mama alipolisimulia hili alicheka, na sisi tukacheka naye. Usiku wa tarehe 20 Mei, 1996 alipanda MV Bukoba pale pale Kemondo. Kopo alikuwa ameliacha chini ya kitanda.

Kesho yake asubuhi meli ilizama karibu na Mwanza. Sitalirudia tukio lile hapa. Nyumba nyingi za Kemondo, Bukoba na Muleba hazihitaji mtu wa redioni wa kuwakumbusha.

Nataka kusema tu kile ambacho tarehe hiyo inakifanya. Kopo hili halikuongezwa kitu tena. Kila kilichomo kilifika Kemondo kabla ya usiku ule. Wachimbaji wa mambo ya kale hutafuta kitu cha namna hii maisha yao yote: shimo lililofungwa siku moja inayojulikana. Na Kemondo wanawajua wachimbaji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtafiti wa Kimarekani, pamoja na wenzake walichimba kwenye ghuba hii na kukuta mabaki ya matanuri ya chuma ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Umri wa matanuri waliupata kwa kupima makaa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka ufuaji wa ujanani mwao walikuwa wamewajengea watafiti hao tanuri na kuyeyusha chuma mbele yao. Kazi hiyo ilikwisha kufa Buhaya kwa sababu ya majembe ya bei nafuu ya kutoka nje. Kwa hiyo wakati wageni wanafukua mavi ya chuma ya mababu, watoto wa Kemondo walikuwa wanapasua beringi za kigeni, wapate chuma cha kuchezea juu ya udongo uleule. Chuma cha mababu kimepimwa na kuandikwa vitabuni. Cha watoto kimo katika kopo la Kimbo, na kijana mwenye shilingi 20,000 yuko mlangoni.

Basi nijibu la mali. Ni kweli kwamba Marekani kuna watu wanaokusanya gololi za mashine kwa bidii. Wana chama chao tangu 1975, wana vitabu na maonyesho, na gololi adimu za viwanda vya miaka ya 1920 na 1930 huuzwa kwa mamia ya dola, nyingine kwa maelfu. Uingereza, katika kijiji cha Tinsley Green, yamekuwapo mashindano ya gololi tangu 1932, na wanaoshindana ni watu wazima wenye vitambi. Lakini mkusanyaji huyo anataka gololi isiyo na doa. Anaishika kwenye taa na kuizungusha, na akiona kijialama kama mwezi mwandamo mahali ilipogongwa, bei inaanguka. Gololi za Kemondo zina miezi miandamo kila upande. Baadhi zimegongwa mpaka zimekuwa kama zimepigwa msasa. Zilichezwa. Tena jicho la paka la Asia, hata likiwa jipya, huuzwa kwa mfuko mzima kwa bei ya mlo mmoja. Sokoni kopo lile halina thamani ya 20,000 alizozitaja yule kijana. Sidhani kwamba ni tapeli. Nadhani amesikia nusu ya habari, na atapata hasara.

Nilipomweleza hayo, mdogo wa marehemu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tumekaa tunagombana juu ya kitu cha bure." Mama yake akamwambia kwamba yeye hakuwa anagombania bei.

Mimi nilitoa ushauri mmoja tu. Gololi zisioshwe, zisitenganishwe, hata komwe na kile cha plastiki visitupwe, na iandikwe karatasi ikae ndani ya kopo: za nani, zilitoka wapi, kati ya mwaka gani na mwaka gani. Makumbusho yetu yana mikuki na ngoma za kutosha, lakini vitu vya watoto wa miaka ya foleni sijaviona. Siku moja mtu atauliza nchi ilikuwaje bidhaa zilipokwisha na ziliporudi, naye ataletewa hotuba na takwimu. Aletewe na kopo. Mdogo wa marehemu akaleta daftari, nikawa ninasema naye anaandika. Tulipofika kwenye tarehe ya mwisho sikuitamka. Aliiandika mwenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo sikuweza kulijibu pale kwenye ungo. Kopo hili linaanzia mwaka 1977, wakati bidhaa zimekwisha kuadimika. Lakini kabla ya hapo meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki zilizunguka ziwa lote, kutoka Kisumu mpaka Bukoba, na maduka ya mjini Bukoba yalikuwa na vitu vingi. Je, watoto wa miaka ya 1950 na 1960 walichezea gololi za kioo? Kama walichezea, zilikuwa na ua ndani, au zilikuwa zile za mistari? Msikilizaji wa Bukoba, Muleba au Karagwe mwenye gololi ya miaka hiyo, au hata mwenye kuikumbuka tu na duka alikoinunua, na aniandikie. Asiitume gololi yenyewe kwa posta. Anieleze rangi yake.